Nani Alimwambia Yule wa Kofia?

Filamu yenyewe ina saa moja na dakika chache. Haina rangi. Ni ya zamani sana, kazi ya watu waliokuwa na pesa kidogo na haraka nyingi: nyumba ya tajiri, ofisi ya gazeti na kituo cha polisi ni chumba kimoja kilichobadilishwa mapazia, na ukuta unatikisika kila mlango unapofungwa. Mvua inanyesha dirishani lakini makoti ya wanaoingia ni makavu. Shujaa wake ni mwandishi wa gazeti, mtu mwembamba mwenye kofia. Anafika kabla ya polisi kwenye nyumba ya tajiri aliyeuawa, na mwishoni anamtaja muuaji mbele ya watu wote, polisi wakimsikiliza kama wanafunzi.

Naijua filamu hiyo kwa moyo. Ilikaribia kunikosesha mke.

Niliiona mara ya kwanza Kampala, chuoni. Mwalimu wetu alituonyesha darasani ili tucheke makosa yake, na wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefika katika mji ule mkimbizi mdogo, sina hata jina la mtu wa kumtafuta. Niliosha sahani kwenye mgahawa, nikabeba matofali, nikauza chapati asubuhi kabla ya vipindi. Ada yangu nililipa mwenyewe, muhula kwa muhula, bila mjomba, bila padri, bila mfadhili. Kiingereza nilijifunza kwenye magazeti niliyofungia chapati, na kufikia mwaka wa mwisho nilikuwa nawasahihishia insha wenzangu waliokisoma tangu darasa la kwanza. Yule mwandishi wa filamu alivaa koti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alisema ni kwa sababu watengenezaji hawakuwa na uwezo wa koti la pili. Mimi pia nilikuwa na koti moja. Nilimwomba aninakilie filamu, nikaiweka kwenye flashi, na flashi hiyo ilivuka mpaka pamoja na diploma yangu.

Niliporudi Bunia, mji wa kwetu upande wa Kongo, sikurudi kuomba. Baada ya miezi michache nilikuwa nasoma habari kwenye redio moja ya hapa mjini, na mama wauza nyanya sokoni walinitambua kwa sauti kabla hawajaniona uso. Niliandika ripoti zilizochapishwa nje ya nchi. Kati ya wote niliosoma nao shule ya msingi, hakuna aliyefika nilipofika akianzia nilipoanzia. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kulikuwa na mzee mmoja katika mtaa wa Bigo ambaye hakutaka kabisa kuliona.

Mzee huyo alikuwa baba wa mwanamke niliyetaka kumwoa, mwalimu wa shule ya msingi. Mzee mwenyewe alikuwa mtu wa ng'ombe, mzaliwa wa kijiji cha Bogoro. Vita vilimleta mjini, lakini kila wiki alirudi Bogoro kuangalia mifugo aliyoianza upya baada ya ile ya kwanza kwisha. Siku nilipokwenda kujieleza nilibeba diploma yangu ndani ya plastiki. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii inafanyaka nini?" aliuliza.

"Inaonesha kama nilisoma, Baba."

"Najua ulisoma. Nauliza inafanyaka nini. Ile ya munganga inaponesha batu. Binti yangu iko na yake, inafundisha batoto. Hii yako?"

"Mimi natafutaka habari, Baba. Nasemaka ku redio."

"Kusema iko mudomo. Kila mutu iko na mudomo."

Dada yake mzee, shangazi wa mchumba wangu, alikuwa amekaa mkekani akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mudomo ya huyu njo inatembea sana," alisema. "Hata sokoni tunaisikia."

Mzee alinirudishia diploma na kusema atafikiri. Alifikiri mwezi wa kwanza, akafikiri mwezi wa pili. Kila nilipopita kumsalimia alinipa chai, akaniuliza hali ya barabara, na hakusema neno juu ya binti yake. Ningekuwa daktari, ningekuwa hata fundi wa pikipiki, angekuwa ameshajibu. Mchumba wangu alijaribu kunituliza.

"Baba hakukatae weye," aliniambia. "Hajue tu atajibu nini batu bakimuuliza bwana ya binti yake anafanyaka kazi gani. Mupeleke ku redio, aone."

"Redioni ataona mtu akisoma karatasi."

"Sasa utamuonesha nini?"

Hapo ndipo nilipoikumbuka ile flashi. Niliona ni akili kubwa. Mzee angemwona mwandishi akifanya kazi yenyewe: akihoji, akifuatilia, akijihatarisha, akiwashinda polisi kwa kichwa chake. Nilikuwa na hakika kwamba baada ya saa moja na dakika chache angesimama na kunishika mkono.

Tulikaa Jumapili mchana, baada ya ibada. Niliazima televisheni kubwa na jenereta, nikaziba madirisha kwa mablanketi. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mkewe pembeni, shangazi mkekani, mchumba wangu karibu na mlango. Mimi nilisimama kando ya televisheni kutafsiri. Kutafsiri filamu papo hapo, bila karatasi, kutoka Kiingereza cha zamani kile, si kazi ya kila mtu. Naifanya bila kukwama.

Filamu ilianza na marehemu, amelala juu ya zulia.

"Huyu anapumua," mzee alisema.

"Anaigiza, Baba."

"Najua anaigiza. Lakini basingetuonesha tumbo."

Nilimwacha. Mwandishi alitoka ofisini kwake, akaingia kwa mlango mkubwa wa tajiri, ukuta ukatikisika. Nikasema kwa sauti, ili mzee asikose: "Huyu ndiye mwandishi wa habari."

"Njo weye?" mama wa mchumba wangu aliuliza, na alionekana kufurahi.

"Ni kazi yangu, Mama."

Walimtazama kwa makini, na mwanzoni nilidhani makini hayo ni mazuri. Mwandishi alipita mbele ya mjane bila kuvua kofia. Alisimama katikati ya chumba, akatoa kitabu kidogo na kuanza kuuliza maswali: marehemu alionekana lini mara ya mwisho, nani aligombana naye. Mjane, akilia, alimwonyesha kiti. Hakukaa. Akamletea kahawa. Mwandishi alisema hana nafasi.

Shangazi aliacha maharage yake. "Anakatala kahawa ya mwenye kilio."

"Iko na haraka," nilisema. "Gazeti linamungoja."

"Na kofia?"

"Ni desturi yao."

"Polisi akikuya ataivua yake," alisema, na kwa bahati mbaya polisi alipoingia aliivua yake kweli.

Kisha mwandishi, kwa ujanja ambao darasani nilikuwa naupenda kuliko sehemu zote, aliondoa picha ya marehemu ukutani na kuitia ndani ya koti mjane akiwa ameinamisha kichwa.

"Anaiba," mama alisema.

"Anaipeleka ku gazeti, Mama. Bataichapa, batu bamujue marehemu."

"Aliomba?"

Nilisimamisha filamu. Nikaeleza kwa utulivu kwamba mwandishi si mwizi, kwamba picha ile itasaidia ukweli kujulikana, kwamba huko kwao kazi hii inaheshimiwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliniuliza maswali yake, moja moja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

"Wakati huyu aliingia, komunike ya kifo ilishapita ku redio?"

"Bado, Baba."

"Ndugu za marehemu balishajua?"

"Bado."

"Polisi?"

"Alikuwa hajafika bado."

"Sasa huyu wa kofia, nani alimwambia?"

Kwetu habari ya kifo ina mwenyewe. Mtu akifariki, familia inakaa, inaandika komunike, inaileta redioni, na inasomwa kwa saa yake: marehemu ni nani, ameacha nani, kilio kiko wapi, maziko lini. Mimi mwenyewe nazisoma kila siku, na nazisoma vizuri kuliko wote pale redioni. Kuna familia zinazongoja zamu yangu. Kabla ya komunike, anayejua ni aliyekuwepo. Ndiyo maana swali la mzee liliingia chumbani kama mtu aliyealikwa, na mimi ndiye niliyebaki nimesimama.

"Waandishi wana watu wao wa kuwapa habari," nilijibu.

"Batu gani? Hatujaona hata mumoja."

"Njo yeye aliua," mama alisema, bila hasira, kama anayesema mvua inakuja.

"Njo yeye," shangazi alikubali.

Nilimtazama mchumba wangu anisaidie. Yeye naye amesoma. Aliangalia chini, mabega yanacheka.

Nilitafsiri sehemu iliyobaki nikiuma meno. Alitokea mwanasheria wa familia, mtu mnene mwenye sauti laini. Alivua kofia mlangoni. Alikaa karibu na mjane, akamshika mkono, akanywa kahawa yote, na kila chumba kilipoonyeshwa tena yeye alikuwa bado yupo, amekaa pale pale. Shangazi alimpenda mara moja. "Huyu njo mutu," alisema. "Huyu alilelewa." Na mimi, niliyejua kwamba mwanasheria ndiye muuaji, nilisimama pale nikitafsiri maneno yake matamu, huku yule anayefanya kazi yangu akihesabiwa makosa: kwamba aliingia jikoni kwa watu, kwamba alihoji mtumishi pembeni, kwamba alimfuata mjane hadi makaburini na kitabu mkononi. Sijawahi kuchoka namna ile kwa kusema ukweli.

Ulifika mwisho. Mwandishi aliwakusanya wote katika chumba cha vitabu, akamnyooshea kidole mwanasheria. Sababu ilikuwa rahisi na nzuri. Mwanasheria alidai alisoma habari ya kifo gazetini asubuhi, ndipo akaja kumfariji mjane. Lakini asubuhi ile gazeti lilikuwa halijatoka. Habari ilikuwa bado mfukoni mwa mwandishi. Mwanasheria alijuaje? Polisi walimkamata, filamu ikaisha.

Shangazi alisema kwa sauti ya chini kwamba wamemwonea. Lakini mimi nilikuwa nimepata ufunguo wangu. Nilimgeukia mzee.

"Baba, umeona? Iko sawa na vile ulisema. Mutu alijua kifo mbele ya komunike, njo yeye aliua."

"Njo vile," mzee alisema. "Na huyu wa kofia, alijua mbele ya gazeti pia. Basi bangefunga bote bawili."

Hata mama alicheka. Nilisema kwamba filamu inaeleza jinsi mwandishi alivyopata habari, kwamba wao hawakuona kwa sababu walikuwa wanaongea. Nikairudisha mwanzo mbele yao ili nimalize jambo. Mwandishi yuko ofisini. Simu iko mezani. Mwandishi anachukua kofia, anatoka. Kisha mlango wa tajiri, ukuta unatikisika. Nilirudisha tena. Simu haikuita. Hakuna mtu aliyeingia na barua. Nilirudisha mara ya tatu, na shangazi akaniambia kwa upole, "Wacha, bokilo, mafuta ya motere itaisha."

Alikuwa ananiita mkwe. Siku ile hata hilo sikulifurahia.

Nyumbani niliitazama tena nikiwa na spika za masikioni, nikisimamisha kila picha. Hakuna. Labda kulikuwa na kipande kilichokatwa. Labda hawakuwahi kukirekodi, kwa sababu siku zao za kukodi chumba ziliisha. Mwandishi yule, ambaye nilimfuata tangu ujana wangu, anatoka ofisini na kufika kwa maiti bila kuambiwa na mtu yeyote duniani. Mwalimu wetu mwenye shahada zake hakuliona. Darasa zima lililocheka ukuta halikuliona. Mimi niliyeijua kwa moyo sikuliona. Aliliona mtu aliyekuja kutazama akiwa hataki, tena kwa swali lake la kwanza. Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Kuna jambo sijalisema bado. Jumapili ile, kabla sijaondoka, mzee alinisindikiza hadi barabarani, kama anavyomfanyia kila mgeni. Kisha alianza mwenyewe, sauti ya chini, kama anayeendelea na mazungumzo yaliyoanza zamani.

"Wakati ya vita, tukiisha kuzika batu betu kule Bogoro, bakakuya batu na magari. Iko na vitabu kama ile. Bakauliza majina. Bakauliza nani aliona, ngapi balikufa, wapi. Mi nikajibu. Nikabapa majina ya batoto ya kaka yangu, yote, na miaka yao. Mumoja dereva yao hakuzima hata motere."

"Waliandika, Baba. Ndiyo maana dunia ilijua."

"Pengine."

"Bila wao hakuna mtu angejua."

"Nimesema pengine. Sikatae. Lakini hakuna mumoja aliikala na sisi." Alisimama. "Tulibakia na viti tuliyobaletea."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si wale. Mimi pia nilikimbia vita kwa barabara ile ile ya Bogoro nikiwa mtoto, nikiwa na nguo niliyovaa tu. Kwamba niliyapenda magazeti kwa sababu ndani yake, Kampala, niliona jina la Ituri, jimbo letu, limeandikwa na mtu fulani asiyetujua, na nikajiambia siku moja litaandikwa na mtu anayetujua. Nilimwambia hivyo, yote. Alisema, "Nasikia," akageuka kurudi kwake. Neno moja. Nilikuwa nimemfungulia moyo wote na nikapata neno moja.

Wiki mbili baadaye alituita. Nilimwomba kaka yangu mkubwa aje kunisemea, kwa kuwa baba yetu hayupo tena. Kaka yangu hununua dhahabu kwenye machimbo kule Kilo. Hakumaliza shule ya msingi, na katika maisha yake yote hakuna mzee aliyemuuliza kazi yake inafanya nini. Njiani kwenda Bigo alikuwa na furaha isiyovumilika.

"Ungebaonesha filamu ya ngumi," alisema.

"Nyamaza."

"Mutu anasoma miaka yote ile Uganda, anarudia na filamu ya mutu anaiba picha ku kilio, anaionesha baba ya bibi anataka kuoa. Weye na karatasi yako, muko na akili ya kipekee."

Tulipokelewa vizuri. Kulikuwa na soda, kulikuwa na nyama. Baada ya salamu, shangazi ndiye aliyesimama kusema kwa niaba ya familia. Alisema binti yao amekubali, na wao hawana neno baya juu yangu: natembea wima, silewi, nasalimia. Alisema mzee pia amekubali. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibeba tangu mwezi wa kwanza.

"Lakini iko na kitu kimoja," alisema. "Haiko ya kuandika ku liste ya mahari. Muzee ataisema na mudomo yake."

Mzee hakusimama. Alizungumza akiniangalia mimi, si kaka yangu, ingawa desturi ingetaka amwangalie kaka yangu.

"Siku mi nitakufa," alisema, "weye utajua wa kwanza, mbele ya batu bingine, ju utakuwa mutoto wa nyumba. Hautauliza mutu swali. Hautatoa kitabu, hautatoa telefoni ya kushika sauti. Komunike, mutu mwingine ataisoma. Weye utakuya, utavua viatu, utaikala chini na banaume bingine, mpaka banamuke bamalize kuosha sufuria ya mwisho. Nyuma ya pale, kama unataka kuandika, andika."

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia, hakusogea.

Watu wengi wangekubali haraka, na wangekuwa wamekubali kitu wasichokielewa. Mimi nilielewa. Alikuwa ananipa binti yake na kunivua kazi yangu kwa siku ile ile ambayo ningeifanya vizuri kuliko siku yoyote. Nani mwingine katika Bunia angesoma komunike ya mzee yule inavyostahili? Nani angetaja Bogoro bila kuteleza? Ningekuwa daktari, asingeniambia nije bila dawa. Nilisema hivyo, kwa heshima, lakini nilisema.

"Munganga akija ku kilio, anaachaka dawa ku nyumba," mzee alijibu. "Mugonjwa ameisha kufa."

Kaka yangu alinigusa goti. "Kubali, bwana," alinong'ona. "Unaongea na baba ya bibi, hauko ku redio."

"Na ikiwa siku hiyo wataisoma vibaya, Baba?" niliuliza. "Wakikosea hata jina lako?"

"Basikosee ya batoto ya kaka yangu tu," alisema.

Basi nilikubali. Nilisimama, nikaahidi kwa Kiswahili kilichonyooka, kila neno mahali pake, ili wajue wanaahidiwa na mtu aliyesoma: kwamba nitakuja mikono mitupu, kwamba nitakaa, kwamba sitauliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka, na hadi leo, tukiwa tumeshaoana, naye mzee bado anakwenda Bogoro kila wiki kwa miguu yake, bado naona hakunitendea haki. Mzee alisikiliza ahadi yote, akatikisa kichwa mara moja. Kisha akamgeukia kaka yangu na kumuuliza, kwa hamu ambayo hakuwahi kunionyesha, kama kule Kilo majani ya mwaka huu yanafaa ng'ombe.